JE, WEWE NI MDOKOZI?

Kijana, neno hili unalijua. Mama ameacha sufuria jikoni. Unafunua, unachukua kipande kimoja cha nyama, unafunika. Huko ndiko kudokoa: kuchukua kidogo kidogo ili mwenyewe asijue.

Anayenyakua mkoba na kukimbia, amekwapua. Anayetumia nguvu, amepora. Anayeingiza vidole mfukoni mwa abiria, amechomoa. Lakini mdokozi hasemi, "Nimeiba." Anasema, "Nimechukua kidogo tu." Hapo ndipo shetani anapokushika! Jina likiwa dogo, unaona na dhambi ni ndogo.

Soma Yohana 12:6. Yuda Iskariote alishika mfuko wa fedha, akawa anachukua humo. Hakuvunja mlango, hakushika panga. Alidokoa tu. Lakini Biblia ilimwita mwivi. Na mkono ule ule uliozoea kudokoa ndio uliopokea vipande 30 vya fedha, akamuuza Bwana wake (Mathayo 26:15).

Mimi ninayekuandikia nilikuwa mdokozi. Niliuza duka la mjomba, na kila jioni niliondoka na shilingi chache. Hesabu zilipopungua, mjomba alimfukuza kijana mwenzangu asiye na kosa. Nami nikanyamaza! Nilipookoka nilikwenda kwa mjomba, magoti yakitetemeka, nikasema yote. Nilimlipa kwa miezi saba. Lakini yule kijana nimemtafuta, sijampata mpaka leo. Ndugu yangu, Yesu alinisamehe, ila hilo bado linaniuma. Ndiyo maana nakuambia rudisha mapema.

Zakayo aliahidi kurudisha mara nne (Luka 19:8). Paulo anamwambia mwizi aache kuiba, afanye kazi kwa mikono yake, apate cha kumpa mwenye shida (Waefeso 4:28). Umeona? Yesu hataki tu uache kuchukua. Anataka uwe mtu wa kutoa!

Wahenga walisema siku za mwizi ni arobaini. Wengine hawazifikishi, wanavishwa tairi mtaani. Usingoje siku hiyo. Sema sasa hivi kwa moyo wako wote:

"Bwana Yesu, sitasema tena nimechukua kidogo. Nimeiba. Mimi ni mwenye dhambi. Nisamehe, unioshe kwa damu yako, unipe nguvu ya kurudisha. Amina."

Umeomba? Basi kesho asubuhi, kabla ya chai, nenda kwa mwenye mali.