Shauri la Dawa kwa Mtu Aangukaye Mara Chache

Somo la kujifunza pamoja na wainjilisti, waalimu na wazee wa sharika.
Someni kwanza: Marko 9:14–29, Isaya 38:1–21.



Katika sharika za Njombe na Makambako wako watu washikwao na kifafa mara moja au mbili tu kwa mwaka. Siku nyingine zote hulima, hupasua mbao, huchuma chai, huuza sokoni, nao huonekana wazima kabisa. Wakishauriwa kutumia dawa, hujibu, "Kwa ajili ya siku mbili za mwaka, ninywe vidonge kila siku?" Swali hili si la kipumbavu, wala halifai kujibiwa kwa kukemea. Basi, na tulipime kwa utaratibu.

1. Kifafa ni nini

Kifafa ni ugonjwa wa ubongo. Ubongo hufanya kazi kwa nguvu iliyo kama umeme. Nguvu hiyo ikivurugika ghafula, mtu huanguka, hukakamaa na kutikisika. Pengine haanguki, bali hukodoa macho kitambo kidogo, asisikie aitwapo. Ugonjwa huu hauambukizi, wala kwa mate, wala kwa povu, wala kwa kumshika mgonjwa.

Kwa kawaida waganga wa hospitali hawasemi kwamba mtu ana kifafa kwa kuanguka mara moja tu, bali aangukapo mara mbili au zaidi, kwa siku mbalimbali, pasipo homa wala sababu nyingine iliyo wazi. Degedege ya mtoto mwenye homa ni jambo jingine, naye apelekwe hospitali siku ile ile.

Vyanzo ni vingi: shida wakati wa kuzaliwa, pigo la kichwa, malaria kali ya utotoni. Tena katika nyanda zetu za juu, tunakofuga nguruwe, yuko tegu wa nguruwe. Mayai yake hutoka katika kinyesi cha mtu mwenye tegu. Yakiingia kinywani kwa mikono michafu au mboga zisizooshwa, huweza kufanya vifuko ndani ya ubongo. Kwa hiyo kila aangukaye, hata kwa nadra, na achunguzwe kwanza, iwe Ilembula katika hospitali ya Kanisa letu, au katika hospitali iliyo karibu naye.

2. Dawa yafanya nini

Dawa ya kifafa haing'oi shina la ugonjwa; huzuia mtu asianguke. Kwa sababu hiyo hunywewa kila siku, wala haifai kungojea siku ya kuugua. Fenobabitoni, iliyo ya bei nafuu, yatumika tangu mwaka 1912. Shirika la Afya Ulimwenguni lasema ya kuwa watu hata 70 katika 100 waweza kuishi pasipo kuanguka, wakitibiwa vema.

Lakini dawa ina mzigo wake. Yaweza kuleta usingizi, kizunguzungu na uzito wa akili. Upele ukitokea, mgonjwa arudi hospitali mara moja. Valproeti yaweza kumdhuru mtoto tumboni. Kwa hiyo mwanamke awezaye kuzaa amwulize mganga mapema. Naye aliye mjamzito asiache dawa kwa shauri lake mwenyewe.

3. Je, kungoja kwaharibu?

Mwaka 2005 waganga wa Uingereza na wenzao walitangaza uchunguzi wa watu 1,443, walioanguka mara moja au mara chache, ambao haikuwa wazi kama yawapasa kuanza dawa. Wengine walianzishwa mara moja, wengine waliambiwa wangoje. Katika miaka miwili ya kwanza walioanza mapema walianguka kidogo kuliko wenzao. Lakini ilipohesabiwa miaka ya mbele, toka wa tatu hata wa tano, wasioanguka walikuwa 76 katika 100 kwa walioanza mapema, na 77 katika 100 kwa waliongoja.

Basi twajifunza mambo mawili. Angojaye hapotezi tumaini la kupona baadaye. Lakini katika miaka ile ya kungoja ataanguka zaidi. Hivyo swali kubwa si hili tu, "Naanguka mara ngapi?" bali, "Nikianguka, nitaangukia wapi?"

4. Mahali pa kuangukia

Mwezi wa Juni na Julai baridi ya Njombe hutukusanya sote kandokando ya moto. Mama apikaye kwenye mafiga, mara moja tu yatosha kumwunguza mikono maisha yake yote. Vivyo hivyo achotaye maji kisimani, apandaye mti, asimamaye penye msumeno, au aendeshaye pikipiki katika barabara kuu ya Makambako. Watu hawa wana sababu kubwa ya kuanza dawa, hata kama huanguka kwa nadra.

Ng'ambo ya bonde la Kilombero, katika milima ya Mahenge, mganga mwanamke kutoka Norwei, Louise Jilek-Aall, alianza kuwatibu wenye kifafa karibu na mwaka 1960. Taarifa ya mwaka 1992, aliyoiandika pamoja na Dkt. Rwiza, yaeleza habari za wagonjwa 164 wa huko baada ya miaka 30. Wengi walikuwa wamekufa, na miongoni mwa sababu ni kuungua, kuzama majini, na kifafa kisichokoma.

5. Imani na dawa

Wako wasemao kwamba anywaye dawa amekosa imani. Lakini Hezekia alipoomba, Bwana alimsikia, na nabii yule yule aliyeleta ahadi aliagiza andazi la tini liwekwe juu ya jipu. Sala na dawa vilikaa nyumba moja. Tena angalieni katika Marko: Bwana Yesu alimwuliza baba tangu lini mtoto amepatwa na haya, akasikiliza habari za moto na maji, kisha akamshika mkono akamwinua. Nasi tusiogope kumshika aangukaye. Tumwondoe penye hatari, tumlaze ubavu, tusimtie kitu kinywani. Na asipotulia kwa dakika 5, tumpeleke hospitali.

6. Jinsi ya kukata shauri

Mgonjwa na jamaa zake wayajibu haya mbele ya mganga: Ameanguka mara ngapi, na lini? Kazi yake ni ipi? Je, huanguka baada ya kunywa ulanzi au kukesha? Kama ndivyo, aache pombe, naye asilazimishwe kukesha katika mikesha yetu. Mungu husikia hata sala ya jioni. Je, dawa itapatikana mwaka mzima, hata masika njia zinapoharibika? Hili ni neno zito, kwa kuwa kuacha dawa ghafula kwaweza kuleta kifafa kisichokoma, na mauti. Aanzaye asiache mwenyewe. Akikaa miaka miwili pasipo kuanguka, mganga aweza kufikiri naye kuipunguza polepole.

Akichagua dawa, usharika umsaidie kuipata. Akichagua kungoja kwa shauri la mganga, tusimhukumu. Ila jiko lizungushiwe ukingo, asiende kisimani peke yake, na akianguka tena shauri lipimwe upya.

Maswali ya kujadiliana:
1. Katika mtaa wetu, nani huachwa peke yake aangukapo, na kwa nini?
2. Usharika waweza kufanya nini ili dawa ya mgonjwa isikatike?
3. Tutamjibuje asemaye kwamba dawa ni upungufu wa imani?

Bwana awape hekima na upole.