Kufundisha Mabadiliko ya Mwendo kwa Ndoo ya Maji

Mada ya mwendo hufundishwa mara nyingi kana kwamba kitu huwa ama kimetulia ama kinakwenda. Lililo kati ya hali hizo mbili hupitwa haraka, ingawa hapo ndipo penye kazi. Mtoto wa Sola, mkoani Simiyu, aliyekwisha kutumwa maji, analijua jambo hilo kabla ya kuingia darasani: maji humwagika zaidi pale aondokapo, akatapo kona na asimamapo. Asiyelijua hurudi kisimani mara ya pili. Kwa sababu hiyo tunapendekeza somo lianzie kwenye ndoo.

Zana ni toroli, ndoo yenye upana wa sentimita 30, saa yenye mshale wa sekunde, na uwanja uliofagiwa wenye urefu wa mita 10. Maji yaachwe sentimita 2 chini ya ukingo. Alama za majivu ziwekwe kwenye mita 1, 5 na 9. Mwanafunzi wa kwanza aondoke kwa ghafla na kusimama kwa ghafla. Wa pili atumie sekunde 12: sekunde ya 3 imkute kwenye alama ya kwanza, ya 6 kwenye ya pili, ya 9 kwenye ya tatu. Darasa zima lihesabu kwa sauti.

Mwalimu aielewe sababu vizuri kuliko atakavyoieleza. Mwendo ukiongezeka kwa mita 1 kwa sekunde katika kila sekunde, uso wa maji huinama sehemu 1 kwa 10 hivi. Kutoka katikati ya ndoo hadi ukingoni ni sentimita 15. Basi maji hupanda upande wa nyuma kwa sentimita 1.5, nayo hayamwagiki. Lakini msukumo huohuo ukija kwa ghafla, maji huupita mwinamo huo na kupanda karibu mara mbili, yaani karibu sentimita 3, kisha hurudi upande wa pili. Ukingo hauwezi kuyazuia. Katika mpango wa sekunde 12 msukumo hukua na kupungua polepole, wala mwendo hauongezeki hata kwa nusu ya kiasi kile.

Mwaka 1985 Tamar Flash na Neville Hogan walionyesha kwamba mkono wa mtu unaponyooshwa kutoka mahali hadi mahali hufuata takriban mpango kama huu, ambao mabadiliko ya msukumo ndani yake ni madogo kadiri iwezekanavyo. Majina hayo hayana haja ya kutajwa mbele ya Darasa la Tano.

Mwanafunzi hodari atauliza: je, si afadhali kuwahi? Swali hilo lisinyamazishwe. Nguvu ikiwa na kikomo, njia ya haraka kuliko zote ni kusukuma kwa nguvu yote hadi nusu ya safari, kisha kuvuta nyuma kwa nguvu yote. Toroli litawahi, maji yatapungua. Wanafunzi wapime maji yaliyobaki kwa chupa ya lita moja, wayaandike pamoja na muda uliotumika, ndipo wabishane juu ya ipi iliyo njia bora, na bora kwa nani.

Likibaki dakika chache, waulizwe kwa nini wachukuao maji kichwani huweka matawi yenye majani juu ya ndoo. Maji ya ndoo hii huenda na kurudi kwa muda wa nusu sekunde hivi, na hatua ya mtu huchukua karibu muda huohuo.