Mahali pa Kukaa Kati Yetu

LESONI YA 8

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Lesoni ya Juma Hili: Waamuzi 19:15–21, Ayubu 24:1–8, Yoshua 20:1–9, Kumb. 15:7–11, Isaya 58:6–14, Mathayo 8:20.

Fungu la Kukariri: Isaya 58:7. Lisome kila siku katika Biblia yako hadi uweze kulisema kwa moyo.

Mwaka 2018 Kenya ilihesabu watu wanaoishi mitaani nchini kote. Walipatikana zaidi ya 46,000, na zaidi ya 15,000 kati yao walikuwa Nairobi. Ni vijana wa chini ya madaraja, akina mama wanaolala na watoto kwenye baraza za maduka, na watu wazima waliokosa kodi ya chumba. Kila mara mafuriko au matingatinga yanapopita kwenye mitaa ya mabanda, wengine hubaki bila makao.

Sisi Waadventista tunaipenda Isaya 58 kwa sababu ya mafungu yake ya mwisho yanayohusu Sabato. Lakini kabla ya kufika hapo, nabii anataka maskini waliotupwa nje waletwe nyumbani. Je, tunaweza kushika mwisho wa sura hii na kuacha mwanzo wake?

JUMAPILI: Mji Uliofunga Milango

Soma Waamuzi 19:15–21. Ni nani aliyemkaribisha Mlawi, naye alikuwa mwenyeji wa wapi?

Jua lilikuwa limekuchwa Mlawi na watu wake walipoingia Gibea. Waliketi katika uwanja wa mji, mahali ambapo kila mtu aliwaona, na hakuna aliyewaita. Gibea haikuwa na upungufu wa nyumba. Aliyewachukua hatimaye alikuwa mzee mgeni kutoka milima ya Efraimu, akirudi shambani jioni. Alijua hatari ya kulala nje katika mji ule, na yaliyotokea usiku huo yalionyesha kwamba hofu yake ilikuwa ya kweli.

Biblia haioni kulala nje kama aibu ya anayelala. Ni kipimo cha mji. Ezekieli 16:49 inapotaja uovu wa Sodoma, inataja kiburi, shibe na mkono usiomwinua maskini.

JUMATATU: Kuwaondoa Machoni

Soma Ayubu 24:4–8. Maskini wanafanyiwa nini, na mwisho wao wanajisitiri wapi?

Ayubu anaeleza jambo tunalolifahamu. Wahitaji wanasukumwa watoke njiani, nao wanajificha. Mvua inawanyeshea, wanakumbatia mwamba kwa kukosa mahali pa kujisitiri. Miji yetu hufanya vivyo hivyo mgeni mkubwa anapotarajiwa: askari huwazoa watu usiku, na baada ya siku chache wamerudi walipokuwa. Barabara imesafishwa, lakini hakuna aliyepata makao.

Mnamo Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria zinazomfanya mtu mhalifu kwa sababu ya uzururaji tu zinapingana na Mkataba wa Afrika. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 43, inataja makazi ya kufaa kuwa haki ya kila mtu. Mkristo anayejua Ayubu 24 hapaswi kuwa wa mwisho kuliona jambo hili.

JUMANNE: Wazee Langoni

Soma Yoshua 20:1–9. Wazee wa mji walitakiwa kufanya mambo gani matatu?

Miji ya makimbilio ilikuwa sita, mitatu kila upande wa Yordani, na Kumb. 19:3 yaagiza njia ya kuifikia itengenezwe. Mpango ulikuwepo kabla mkimbizi hajafika. Alipofika langoni, wazee walipaswa kusikiliza habari zake, kumwingiza mjini, na kumpa mahali pa kukaa kati yao.

Mtu huyo alikuwa ameua bila kukusudia. Ikiwa sheria ya Mungu ilimtengea yeye mahali, si zaidi sana mjane aliyefungiwa mlango na mwenye nyumba, au mtoto aliyekimbia kipigo? Tena kazi hii haikuachiwa huruma ya mpita njia. Iliwekwa mikononi mwa wazee wa mji, yaani uongozi.

JUMATANO: Kipi Kitangulie?

Wengi husema, “Aache gundi kwanza, apate kazi kwanza, ndipo tumtafutie chumba.” Finland ilibadilisha utaratibu huo tangu 2008. Mtu hupewa kwanza nyumba yenye mkataba wa upangaji, kisha husaidiwa kuhusu ulevi, afya na kazi akiwa na mlango wake. Katika miaka 15 iliyofuata idadi ya wasio na makao ilipungua kwa zaidi ya nusu.

Nchi ile ina mali kuliko zetu, na hatuwezi kuiga kila kitu. Lakini swali la kipi kitangulie halihitaji utajiri. Ni vigumu mtu kuacha gundi akiwa bado analala kwenye baridi inayomfanya aivute. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe lipo, ila kwanza alikaribishwa.

ALHAMISI: Kanisa Ndani ya Mji

Soma Mathayo 8:20. Kristo hakuwa na pa kulaza kichwa. Anayelala kwenye baraza ya kanisa Ijumaa usiku anafanana na nani?

Kanisa haliwezi kujenga nyumba za mji mzima. Laweza kumwita mtu kwa jina lake badala ya “chokoraa”, neno linalomtaja kwa takataka anazochokora. Laweza kusaidia kodi ya mwezi mmoja kabla familia haijatolewa nje, maana kuzuia ni rahisi kuliko kuokota. Laweza kuhudhuria vikao vya bajeti vya kaunti na kuuliza fedha za makazi zimekwenda wapi.

IJUMAA: Jifunze Zaidi

Katika kitabu chake cha 1905 kuhusu huduma ya uponyaji, Ellen G. White ana sura nzima kuhusu wasio na kazi na wasio na makao. Isome pamoja na Kumb. 15:7–11.

Maswali ya Kujadili:

1. Kumb. 15:11 inasema maskini hawatakoma. Kwa nini wengine hulitumia neno hili kama udhuru, nalo limeandikwa kama amri?

2. Mlinzi akiuliza amfanyie nini anayelala kwenye baraza ya kanisa lenu, baraza la wazee lingemjibu nini? Je, jibu hilo lina hatua tatu za Yoshua 20:4?

3. Taja familia moja mtaani kwenu iliyo karibu kupoteza nyumba. Darasa lenu litafanya nini kabla ya Sabato ijayo?