Kusikiliza Neva za Mbung'o

Huku kwetu Olenguruone baridi ni kali, hivyo mbung'o hatumjui. Lakini mjomba wangu alipeleka mitamba wawili upande wa Mara, na wote wakakonda wakafa kwa nagana. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza: mbona mbung'o humwandama ng'ombe, ilhali kuro, wale tunaowaona tele Ziwa Nakuru, huwapita hivi hivi?

Jibu lilitoka kwenye pua ya mdudu mwenyewe, yaani vipapasio vyake. Darasani tulifunzwa kwamba neva hupeleka habari kwa umeme. Mimi nilidhani umeme huo hauwezi kupimwa kwa kiumbe mdogo vile. Kumbe Dietrich Schneider wa Ujerumani aliupima kwa nondo wa hariri mwaka wa 1957!

Kipapasio hukatwa, kisha hushikizwa kati ya virija viwili vya kioo, vyembamba mno, vyenye maji ya chumvi na waya wa fedha ndani. Hizo ndizo elektrodi. Harufu ikipulizwa, seli za neva husisimka pamoja na volti hubadilika kidogo tu, kwa hivyo lazima pawe na kikuzaji. Hata umeme wa taa huvuruga kipimo, ndiyo maana chombo hufungiwa katika kizimba cha waya.

Katika kituo cha icipe, Nairobi, kilichoanzishwa na Profesa Thomas Odhiambo mwaka wa 1970, wataalamu walichukua harufu ya kuro wakaipitisha kwenye mrija mrefu wa kromatografia ya gesi. Kemikali hutoka moja moja, nusu zikienda kwa mashine na nusu kwa kipapasio. Mstari ukishuka, basi mbung'o amenusa. Lakini amependa au amechukia? Hapo neva haisemi! Ilibidi mbung'o hai wajaribiwe. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2002 na 2003. Miongoni mwa kemikali zinazomfukuza ni gwayakoli, yenye harufu ya moshi.

Mchanganyiko huo ulitiwa katika kola za ng'ombe na kujaribiwa Shimba Hills, Kwale. Ripoti ya 2017 ilisema ugonjwa ulipungua kwa zaidi ya asilimia 80.

Nilipomsimulia mjomba, aliniuliza jambo moja tu: eti hiyo kola itamfikia lini?