Karibu na bendera, fimbo gani?



Wengine kati yetu, siku ya jumamosi, tunaenda kubeba mifuko kwenye kiwanja cha golf cha Lubumbashi. Kuko wanaotucheka, wanasema kazi ile ni kutembea tu nyuma ya matajiri. Hapana. Mchezaji akifika karibu na grini, ni kusema pale majani yamekatwa mafupi sana na shimo liko, anageuka na kuuliza: « Fimbo gani? » Anayejibu vizuri ataitwa tena jumamosi ingine. Anayenyamaza atangojea kwenye mlango. Ni juu ya ile tunaandika somo hili.

Sheria inaruhusu fimbo 14 ndani ya mfuko, si zaidi. Kwa kupiga karibu, nne zinatosha: puta, chuma cha 7, weji ya kawaida na weji ya mchanga. Kamateni raporteri yenu ya jometri mwone tofauti yao, ni namna uso wa fimbo unavyolala nyuma. Puta imesimama karibu wima, degre 3 ao 4 tu. Chuma cha 7 kinalala degre 30 na kitu. Weji ya kawaida iko kati ya 44 na 48, na ya mchanga karibu 56. Hii ya mwisho, Mmarekani Gene Sarazen ndiye aliyeitengeneza vile tunavyoijua, na alishinda nayo Open ya Uingereza mwaka wa 1932.

Sasa fizike. Uso ukilala sana, mpira unapanda juu, unaanguka karibu wima na unazunguka kinyumenyume, basi haukimbii mbali. Uso ukisimama, unaruka kidogo na kukimbia sana. Walimu wa mchezo wanahesabu hivi: kwa weji ya mchanga, hatua 1 ya kuruka, 1 ya kukimbia, kwa weji ya kawaida, 1 kwa 2, kwa chuma cha 7, 1 kwa 3.

Tuseme mpira uko hatua 2 inje ya grini. Tunataka uanguke hatua 1 ndani, pale ambapo majani ni sawasawa. Utaruka hatua 3. Toka pale unapoanguka, kama kunabaki hatua 9 mpaka shimo, toa chuma cha 7. Kama ni 6, weji ya kawaida. Kama ni 3, ile ya mchanga. Mahali pa kuanguka hapabadiliki, fimbo ndiyo inabadilika, na mkono unapiga vilevile. Lakini grini ikipanda, ao mvua ikiwa imenyesha, mpira unasimama mbele ya hesabu, ikishuka, unapita.

Wengi wanaoanza wanapenda weji ya mchanga kila mara, juu mpira unapaa vizuri na watu wanatazama. Hapo hatukubaliani nao hata kidogo. Ukikosea kidogo na weji, mpira unabaki miguuni ao unavuka grini yote. Ukikosea na puta, bado unafika karibu. Mwaka wa 1995, kule St Andrews, Mwitalia Costantino Rocca alikuwa mbele ya grini ya shimo la 18. Alijaribu kuchipa, mpira ukaenda kidogo tu ukarudi kwenye bonde. Akakamata puta, akapiga toka mule bondeni, karibu metre 20, ukaingia! Akawa sawa na John Daly, ijapokuwa Daly alimshinda kisha katika mashimo ya nyongeza.

Basi tutoe puta kwanza. Majani yakizuia, chuma cha 7. Weji tuiache kwa siku ambapo kuko mchanga katikati, ao shimo liko karibu sana na ukingo, ao mpira umelala ndani ya majani marefu. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa Tom Watson mwaka wa 1982, Pebble Beach, shimo la 17: majani marefu, grini inashuka, bendera karibu. Puta ingefanya nini pale? Alipiga na weji ya mchanga, mpira ukaingia, na akamshinda Jack Nicklaus kwa mapigo mawili. Aliyebeba mfuko wake aliitwa Bruce Edwards.

Wanaotaka kupima hesabu hii waje siku ya tatu kisha masomo, nyuma ya kalasi ya tano. Tuko na chuma cha 7 kimoja na mipira sita. Mlete raporteri na kamba ya metre.