“Wafuate Waprusi”: somo la amri moja ya maneno sita

Makala haya yanachambua amri fupi niliyoiandika mwenyewe, na iliyotufanya tushindwe vita. Vita hivyo vilikuwa vya mezani, lakini kosa lilikuwa la lugha, ndiyo maana nalileta kwa wanafunzi wenzangu.

1. Mchezo wenyewe

Nilipokuwa masomoni Ubelgiji, huko Louvain-la-Neuve, rafiki zangu walikuwa na desturi ya kucheza vita vya Napoleon kwa visanamu. Askari hao wana kimo cha milimita 15. Wamepakwa rangi za majeshi yao na kubandikwa juu ya vibao vidogo. Meza ndiyo uwanja. Mwendo hupimwa kwa utepe, na matokeo ya risasi huamuliwa kwa dadu.

Mchezo huu una ukoo mrefu. Mwaka 1824 afisa wa Prussia aitwaye Reisswitz alitoa kanuni za mchezo wa vita kwa ajili ya kuwafundisha maafisa. Mwaka 1913 mwandishi Mwingereza H. G. Wells alichapisha kanuni za kuchezea nyumbani kwa askari wa sanamu. Kwa Reisswitz kundi letu liliazima jambo moja: makamanda walio mbali hawasemezani. Huandikiana amri, na mwamuzi huishika karatasi mpaka muda wa safari ya mjumbe uishe.

Siku hiyo tulicheza Waterloo, vita vya tarehe 18 Juni 1815. Tulikuwa saba: Wabelgiji wanne na Wakongomani watatu. Mimi, mtu wa Lubumbashi, nilikuwa Napoleon. Ndugu yetu wa Bukavu alikuwa Grouchy, jenerali aliyepewa watu wapatao 33.000 awaandame Waprusi walioshindwa Ligny siku mbili kabla. Aliketi jikoni na ramani yake, asiione meza yetu. Mwamuzi alikuwa wa Goma, kwa hiyo mimi na Grouchy tuliruhusiwa kuandikiana Kiswahili.

2. Amri na matokeo yake

Niliandika: “Wafuate Waprusi. Wakielekea kwangu, rudi upesi.” Nikaona nimemaliza.

Kila zamu ilikuwa nusu saa, kuanzia saa tano na nusu asubuhi. Katika zamu ya 11 Waprusi walitokea Plancenoit, ubavuni mwangu, na Grouchy hakuonekana. Mwisho wa mchezo, mbele ya watu wote, nilimwambia ndugu yule kwamba ametuuza. Hakukasirika. Alitoa karatasi yangu mfukoni akasema: “Ndugu, nimefanya kila neno lililoandikwa hapa. Nionyeshe nililoliacha.”

Niliisoma tena. Sikupata la kumwonyesha.

3. Uchambuzi

*Kufuata.* Mtoto humfuata mama sokoni. Polisi humfuata mwizi. Mtu hufuata maji mtoni. Mwanafunzi hufuata ushauri. Maana zinatofautiana, lakini zina jambo moja: anayefuata hachagui njia, kwa sababu njia imewekwa na kinachofuatwa. Ndugu yangu aliwafuata Waprusi mpaka Wavre, akalikuta pale kundi lao la nyuma, akapigana nalo. Mimi nilitaka awazuie. Azuiaye husimama mbele au ubavuni. Afuataye hubaki nyuma. Kitenzi changu kilimweka mahali pasipofaa tangu neno la kwanza.

*-ki-.* “Wakielekea kwangu” ni sharti. Kiambishi hiki hubeba maana ya “ikiwa” na ya “wakati”, na msikilizaji huamua kwa hali anayoiona. Lakini aliyeko jikoni haoni. Kisarufi sharti langu lilikuwa sahihi. Kiutendaji halikumwambia atajuaje kwamba limetimia.

*Kurudi.* Alipoarifiwa na mwamuzi kwamba mizinga inasikika, alirudi kweli: alishika njia ileile aliyoijia, kupitia Gembloux, akizunguka kusini. Nilipaswa kuandika “njoo”. Kuja huelekea kwa msemaji. Kurudi huelekea pale mtu alipotoka. Nyumbani, jioni, maneno haya mawili hukutana mlangoni, kwa hiyo hatuoni tofauti yake. Vitani tofauti hiyo ilikuwa mwendo wa saa kadhaa.

*Upesi.* Kielezi hiki kinaonyesha wasiwasi wa mwandishi tu, hakina kipimo.

Historia yenyewe haiko mbali na karatasi yangu. Barua ya asubuhi ya tarehe 18, iliyotoka kwa Soult, mkuu wa wafanyakazi wa Napoleon, ilimtaka Grouchy aelekee Wavre akiwasukuma Waprusi mbele yake, na papo hapo alikaribie jeshi kuu. Kwa mtu aliyetoka Gembloux, Wavre iko kaskazini, na uwanja wa vita ulikuwa magharibi. Grouchy alishika sehemu ya amri aliyoweza kuitenda, akapigana Wavre huku Napoleon akishindwa.

4. Amri iliyosahihishwa

Nilimwomba ndugu radhi, tukarudia mchezo juma lililofuata. Safari hii niliandika: “Simama kati yangu na Waprusi, ili wasinifikie. Ukisikia mizinga upande wa Waterloo, njoo kwa njia fupi, bila kungoja amri nyingine.”

Badiliko kubwa liko katika “ili”. Kishazi cha kusudi humpa mtendaji kitu cha kushika pale maneno mengine yanapoishiwa nguvu. Akikuta daraja limevunjwa, bado anajua anachotakiwa kukilinda. Nayo “ukisikia” imeliweka sharti katika sikio lake yeye, si katika jicho langu.

Tulishindwa tena, nakiri: askari wetu wa farasi walimalizika mbele ya miraba ya Waingereza. Lakini Waprusi walichelewa zamu tatu, na jikoni hakuna aliyeachwa akikisia.

5. Zoezi

Chukua tangazo au agizo lolote la Kiswahili lililobandikwa karibu nawe, kisha uliza: (a) Kitenzi kinamweka mtendaji wapi? (b) Sharti litajulikana na nani, na kwa njia gani? (c) “Ili” iko wapi? Ikiwa haipo, iandike mwenyewe, halafu mpe msomaji ambaye hakuwepo agizo lilipoandikwa. Mwulize atafanya nini. Jibu lake ndilo maana halisi ya agizo hilo.