Kazi ya Mkono na Haki za Wakati

Bismillahir Rahmanir Rahim. Shukrani zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na jamaa zake na Masahaba zake. Ama baad.

Wanafunzi wapenzi, na wazee wetu mtakaosomewa makala haya nyumbani, somo letu ni la sindano, uzi na ukili. Huenda mtu akauliza, haya yameingiaje katika jarida la madrasa? Yameingia kwa sababu mikoba ya wanafunzi wetu imejaa. Fungua mmoja utakuta Juzuu, daftari la fiqhi, na chini yake kofia ya vito iliyokunjwa ndani ya kipande cha kanga, au kitambaa cha kochi kilichofumwa nusu. Kwa baadhi yao kazi hiyo ndiyo inayonunua daftari lenyewe. Basi hatuwezi kuwaambia waache, wala hatupendi waache. Tunataka kujua kazi hii ikae vipi ndani ya siku bila ya kuila siku yote.

Heshima ya kazi ya mkono katika dini yetu haina shaka. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa hakuna chakula bora kuliko alichokichuma mtu kwa mkono wake, akamtaja Nabii Daud (A.S.) kuwa alikuwa akila kwa kazi yake. Katika Suratu Saba tunasoma kuwa Nabii Daud alilainishiwa chuma, akaamrishwa atengeneze deraya na apime sawasawa katika kuunga pete zake. Tazameni, aya hiyo hiyo inayotaja kipimo cha pete inaendelea kuamrisha vitendo vyema. Fundi hakupewa ruhusa ya kushika moja na kuliacha jengine.

Yuko pia mama yetu Zainab bint Jahsh (R.A.). Mtume (S.A.W.) aliwaambia wakeze kuwa atakayewahi kumfuata baada yake ni yule mwenye mkono mrefu kuliko wenzake. Wakawa wanapimana mikono! Alipofariki Bibi Zainab kabla ya wenzake ndipo walipoelewa kuwa urefu uliokusudiwa ni wa kutoa, kwani Bibi Zainab alikuwa akifanya kazi kwa mkono wake na akitoa sadaka. Habari hii imo katika Sahihi Muslim. Na vijana wa kiume wanaocheka wakiona mwenzao ameshika sindano wakumbuke kuwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akishona nguo yake mwenyewe na kutengeneza viatu vyake. Bibi Aisha (R.A.) alipoulizwa alikuwa akifanya nini nyumbani, alijibu kuwa alikuwa akiwahudumia watu wake, na wakati wa Sala ukifika akitoka kwenda kusali.

Hapo penye kutoka ndipo penye somo letu, na ndipo mimi niliposhindwa nilipokuwa na umri kama wenu.

Mwaka huo, Ramadhani ilipoandama, nilikuwa nimeahidi kofia tatu kwa ajili ya Idd. Moja ilikuwa ya mzee jirani yetu, ambaye alilipa pesa yote siku aliyoniagiza. Nilijiona fundi. Nikaacha kudurusu, nikawa najibu "nakuja" mama akiniita na siendi. Sala ya Alasiri nikaisali jua limeshageuka jekundu, kwa kuwa kila nikimaliza kito kimoja nilijiambia "na hiki tu". Usiku nikashona kwa koroboi mpaka macho yakatoka machozi. Kumi la mwisho, watu wako msikitini, mimi nahesabu vito, na kwa uchovu nikahesabu vibaya: nilipounganisha kofia ya yule mzee, utepe wa pembeni ulikuwa mkubwa kuliko duara la juu. Asubuhi ya Idd alikuja mwenyewe, ameshavaa kanzu. Sikuwa na cha kumpa. Aliniambia "inshallah, mwanangu," akaenda kusali na kofia yake ya zamani iliyofubaa. Afadhali angenigombeza.

Baadaye mwalimu alitusomesha habari ya Salman na Abu Dardaa (R.A.), iliyomo katika Sahihi Bukhari. Mtume (S.A.W.) aliwaunganisha kidugu. Salman alipomtembelea ndugu yake alimkuta amezama katika funga za sunna na Sala za usiku mpaka mkewe amesahauliwa. Akamtaka afungue, akamlaza usiku mpaka ilipofika sehemu yake ya mwisho ndipo wakaamka kusali, akamwambia kuwa Mola wake ana haki juu yake, nafsi yake ina haki na watu wake wana haki, basi kila mwenye haki apewe haki yake. Mtume (S.A.W.) alipoelezwa alisema Salman amesema kweli. Nilipoisikia habari hii niliona haya. Ikiwa ibada ya sunna imewekewa mpaka ili isile haki za watu, sembuse uzi?

Sasa tuje kwenye kazi zenyewe. Kila kazi ya mkono ina mahali pake pa kuachia, na asiyepajua hutawaliwa na kazi yake. Kroshia ndiyo nyepesi kuachwa, maana kitanzi kilicho hai ni kimoja tu: kivute kiwe kirefu, kitie pini, nenda zako. Kufuma kwa sindano mbili, kama sweta la mtoto, si hivyo. Vitanzi vyote vya mstari vimo juu ya sindano, na kimoja kikichomoka hufumuka kwenda chini kama ngazi. Kwa hiyo usianze mstari mpya adhana ikiwa imekaribia, na ikikukuta katikati visukume vitanzi mbali na ncha, uzungushie mpira mdogo kila ncha. Kofia ya vito huchukua miezi, kwani vile vitundu ni vingi na kila kimoja huzungushiwa uzi. Maliza kito ulichonacho mkononi, cha pili kisubiri. Kata uzi wa dhiraa moja tu. Haufungi mafundo, tena ukimalizika hukunyanyua macho utazame jua limefika wapi. Ukili ndio rafiki wa mwenye shughuli, unasuka huku unazungumza na wageni na unasimama popote, mradi chane za ukindu zibaki na unyevu, kwani zikikauka hukatika.

Tena si kila sehemu ya kazi inafaa kila saa. Kupanga mchoro na kuhesabu kunataka kichwa kilichotulia, kama asubuhi ya siku isiyo na masomo. Kujaza kulikokwishapangwa kunafaa jioni barazani. Darasani hakufai chochote, hata mkisema masikio yako kwa mwalimu.

Jambo zito zaidi ni ahadi. Wengi wetu wa pwani tunafuata madhehebu ya Imam Shafi, na humo anayeuza kitu cha kuletwa baadaye hufuata masharti ya salam: bei ilipwe palepale mnapoagana, na sifa za kitu, kiasi chake na muda wa kukileta vijulikane. Yule mzee alitimiza sharti lake, aliyevunja ni mimi. Suratu Nahli imewakataza wenye kuvunja ahadi wasiwe kama mwanamke aliyeufumua uzi wake baada ya kuusokota ukawa imara. Mshonaji anaijua maana ya aya hiyo vidoleni. Kabla ya kutaja siku, hesabu vito unavyoweza kumaliza kwa siku ya kawaida, yenye chuo, skuli, kuosha vyombo na mgonjwa wa ghafla, usihesabu kwa siku ya likizo.

Wazazi nanyi mna fungu lenu. Pesa ya kazi ya binti ni mali yake, si mfuko wa nyumba. Na mtoto aliyeshonesha tangu Alfajiri asilaumiwe chuoni kwa kutohifadhi, aulizwe aliyemtuma.

Zoezi la likizo: kwa siku saba andika nyuma ya daftari lako la fiqhi kazi uliyoifanya, mahali ulipoiachia kila adhana ilipokukuta, na nani alikuita ukamjibu "nakuja". Wenye maagizo ya Idd waandike pia siku waliyoahidi na idadi ya vito vilivyobaki. Madaftari yaletwe siku ya kufungua.

Wabillahi tawfiq.